Mlango wa Mbarisana

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, ndio niongee. Najua vile watu huniangalia nikianza kisa hiki. "Si wewe ndiye yule wa kuandika majini na nchi zenye miezi miwili angani?" Ndiyo, ni mimi. Kazi yangu ni kudanganya, na naifanya vizuri, asante. Lakini hiki sikukibuni. Ningekibuni ningekiweka usiku wa manane, bundi analia na mbwa wanabweka, si ndivyo mnavyopenda? Hiki kilinipata saa tisa mchana, Jumamosi, hapa mtaani West Indies, Eldoret, nikiwa nimevaa soksi zisizofanana na sufuria ya githeri iko jikoni.

Wacha kwanza nikuambie ninavyoishi, uone kwamba mimi si mtu wa kutokewa na maajabu. Nina chumba kimoja cha kupanga. Nina vitabu vya mitumba nilivyonunua kando ya barabara mjini, nimevipanga kwenye makreti ya soda. Nina laptopu kuukuu ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo inaishi kwa waya tu: stima ikipotea, nayo inazima papo hapo. Hilo la betri ulishike. Asubuhi naandika, mchana nasoma, jioni nacheza gemu mpaka macho yaniwashe. Pasipoti ninayo, lakini haina muhuri hata mmoja. Huwa naifungua nikinywa chai, naangalia zile kurasa tupu, naifunga. Natazama video za treni zinazopita kwenye theluji, nchi ambazo hata majina yake siwezi kutamka. Mbali zaidi nilikowahi kufika ni Kisumu, na nilitapika njiani.

Hadithi zangu ziko mtandaoni, na zote zinatokea katika nchi moja inayoitwa Mbarisana. Wasomaji huniuliza, jina tamu hivi ulilitoa wapi? Nilikuwa nawajibu kwamba lilinijia ndotoni. Uongo mtupu. Jina lile lina mwenyewe.

Tulikulia upande wa Moiben, kwenye mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Jirani zetu, ng'ambo tu ya ua, walikuwa kina Wambui. Sisi Wakalenjin, wao Wakikuyu, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka siku nilipolazimishwa kulifikiria. Wambui alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Cucu yake, yaani nyanya yake mzaa baba, ndiye alikuwa mtu mzima pekee aliyekuwa na wakati wetu. Akimenya viazi anatusimulia, na kila mara alianza vile vile: "Hapo zamani, mbari sana, kurikuwa na msichana." Cucu hakuwa na l mdomoni. Maskini alitaka kusema mbali sana. Sisi na akili zetu za darasa la pili tukadhani Mbarisana ni jina la nchi.

Tukaitafuta hiyo nchi, na tukaipata. Nyuma ya shamba lao kulikuwa na kwari ya zamani, watu walikuwa wameacha kuchimba mawe hapo kitambo. Ukingoni kulikuwa na jiwe kubwa lililoinama kama ng'ombe anayekunywa maji, na chini ya jiwe kulikuwa na pango la kutosha watoto wawili na mtu mzima mmoja aliyekunja magoti, kama Cucu siku alizotufuata. Hiyo ndiyo ilikuwa Mbarisana yetu. Mimi nilikuwa naiita "Mparisana", maana kwetu p na b hazijawahi kuelewana, na Wambui alikuwa ananicheka mpaka anatoa machozi. Kila tulipopita jikoni kwao tulipiga kelele, "Cucu, tunaenda Mbarisana!" Naye anajibu bila kuinua macho, "Haya, msarimie watu wa huko, na mvae sweta."

Sasa mjue Mama yangu. Mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili, tena wale wa kukusahihisha hata ukiwa unalia. Alijifundisha mwenyewe mpaka lafudhi ya kwetu ikamtoka kabisa, na nyumbani kwake hakuna mtu aliyeruhusiwa kuweka p mahali pa b. Hata akikuletea udaku alikuwa hawezi kuyarudia maneno ya mtu bila kuyanyoosha kwanza. Cucu akisema mvua itareta baridi, Mama akifika nyumbani anasema, "Cucu anasema mvua italeta baridi." Tulimzoea hivyo. Nani angejua kwamba tabia kama hiyo inaweza kumpoteza mtu?

Tulikuwa darasa la tano mwaka ule wa uchaguzi. Matokeo yalipotangazwa moshi wa nyumba za Wakikuyu ukaanza kuonekana upande wa barabara kuu, na kesho yake mchana mayowe yakawa yanasogea. Baba Wambui akakimbia senta, kule madukani, kutafuta lori. Mimi na Wambui tulishikwa na woga tukaingia kwenye stoo yetu ya mahindi, tukajificha nyuma ya magunia bila kumwambia mtu. Tulilala humo tumeshikana mikono, tukisikiliza. Mkono wake ulikuwa na jasho, na mpaka leo nikinusa gunia la mahindi naukumbuka.

Wakati huo huo Cucu alikuwa anamtafuta mjukuu wake. Mama alikuwa uani, akamwona anapita haraka haraka, amebana kitu kwapani. Akamwuliza, "Cucu, unaenda wapi na hali hii?" Cucu akamjibu huku anatembea, akapotea nyuma ya mahindi makavu.

Jioni Mama alitupata stooni. Lori lilikuwa limeshafika na watu wanapanda kwa fujo. Wambui alirushwa juu pamoja na magodoro. Baba yake akauliza, "Mwalimu, mama yangu umemwona?" Mama akamwambia kwa nia njema kabisa: "Nimemwona. Nimemwuliza anakoenda, akaniambia anaenda mbali sana." Baba Wambui akadhani basi amepanda lori lililotangulia. Lori lao likaondoka. Nyumba yao ilikuwa imechomwa kabla ya asubuhi.

Sasa niambie wewe. Ukiambiwa mama yako ameenda mbali sana, utamtafuta wapi? Si utamtafuta mbali! Baba Wambui alizunguka kambi za wakimbizi, makanisa, mahospitali, Nakuru, Naivasha, akavuka hata Uganda kwa sababu kuna watu walikimbilia huko. Kila Krismasi alimpigia Mama simu, kila Krismasi anamwuliza, "Mwalimu, hakutaja mahali?" Mama anamjibu, "Alisema mbali sana tu, Baba Wambui." Waliishia kukaa Nyandarua. Watu wa kanisa wakamshauri amwombee mama yake kama marehemu, apumzike. Alikataa. Alisema huwezi kumzika mtu aliyeaga kwamba anasafiri. Hakujua kama mama yake yu hai au amekufa, na hilo lilimzeesha kuliko kupoteza shamba.

Mimi na Wambui tulipotezana, na bila yeye sikurudi Mbarisana. Mvua ya Aprili iliyofuata iliangusha ukingo wa kwari, nikaambiwa nisikanyage tena huko. Nikakua, nikaja mjini, nikaanza kuandika. Cucu akabaki kwangu kama jina tu la nchi ninayoiandikia.

Haya, turudi Jumamosi yetu. Nilikuwa ndani ya gemu moja la kujenga, lile unaloweka jiwe juu ya jiwe mpaka upate mji. Kwa miezi mingi nilikuwa naijenga Mbarisana humo: mito, mashamba, vijiji, na lile jiwe la ng'ombe nililiweka ukingoni kwa ajili ya kumbukumbu. Lango la nchi nililiweka juu ya mlima, lina minara miwili, kwa sababu lilipendeza. Mara mvua ya mawe ikaanza. Unaijua ya Eldoret, ile ya kupiga mabati mpaka usisikie mawazo yako. Taa ikapotea. Friji ya jirani ikanyamaza. Nikashika kichwa, maana sikuwa nimehifadhi kazi yangu.

Laptopu haikuzima.

Nikainama nikaangalia soketi. Nikachomoa waya kabisa, nikaushika mkononi, nikautazama. Mbele yangu Mbarisana inang'aa, mito inatiririka. Haki ya Mungu, mimi huandika mambo kama hayo kila siku na nikakaa hapo mdomo wazi kama mtu aliyeona gari kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo mlango ulibishwa. "Wenyewe mko?"

Nilifungua. Alikuwa mama mzee, kitambaa cha kijani kichwani, viatu vya plastiki. Nikadhani ni mgeni wa jirani amefungiwa nje na mvua. "Ingia Mama, ingia, mawe yatakuumiza!" Nikafunga mlango nikasukuma komeo, maana upepo ulikuwa unaupiga. Nikampa kiti changu kimoja, mimi nikakaa kitandani, nikamimina chai ya flaski kwenye kikombe. Nitakuambia ukweli, sikuona kwamba hakuwa amelowa. Mvua ile inavunja madirisha na yeye hana hata tone, ana vumbi la kijivu tu kwenye viatu. Nilikuja kulifikiria hilo baadaye, na baadaye inakuwa imechelewa.

Akakizungushia kikombe mikono yote miwili, kama mtu mwenye baridi kali, bila kunywa. Akatazama skrini. Wazee huniuliza, hii ni sinema gani? Yeye hakuuliza. Alitabasamu vile mtu anatabasamu akiona picha ya kwao.

"Rakini mrango mmeuweka mbari," akasema. Akanyoosha kidole akagusa kioo, pale pale penye jiwe. "Mrango uko hapa, cini ya ng'ombe."

Duniani kote ni watu watatu tu waliokuwa wakiliita jiwe lile ng'ombe. Mmoja ni mimi, wa pili Wambui. Nikainua macho nikamtazama usoni, na wee, umeshawahi kumjua mtu na moyo wako ukakataa kumjua? Katika hadithi zangu mtu akiona mzuka hupiga kelele, lakini sikupiga kelele, na wala sikuogopa. Nilijiona mdogo tu. Nilijiona niko jikoni kwao, maganda ya viazi miguuni, nangoja aanze.

"Mtoto wa Mwarimu," akasema, "umekuwa mkubwa. Wambui amefika?"

Nikatikisa kichwa.

"Nirimwambia Mwarimu naenda Mbarisana. Mwarimu hakusema? Nimemngoja. Sweta yake ninayo, kure kuna baridi."

Yesu wangu. Nilisikia maneno yale yanaingia moja moja. Naenda Mbarisana. Mwarimu hakusema. Nikasema, "Hajafika, Cucu. Lakini atakuja. Nitamleta mimi."

"Haya," akasema, kama mtu aliyeambiwa chakula kiko karibu kuiva. "Mwambie asikimbie. Njia ina mawe."

Friji ya jirani ikaunguruma, stima imerudi, taa ikaniwakia usoni. Na wakati huo huo laptopu ikazima. Nikapepesa macho, kiti kitupu. Komeo liko vile nililifunga, ndani. Kikombe kimejaa mpaka juu, chai imekuwa baridi kabisa na imetanda utando, na nilikuwa nimeimimina sasa hivi tu ikitoa moshi. Kwenye kiti kulikuwa na vumbi la kijivu la kwari. Nililigusa. Githeri ilikuwa imeungua, chumba kimejaa moshi, na mimi nimekaa kitandani nalia kwa sauti.

Nilimpigia Mama. Yeye alikuwa ameshastaafu, yuko nyumbani Moiben na kuku wake. Sikumsalimia.

"Mama, siku ile ya lori, Cucu alikuambia anaenda wapi?"

"Si unajua? Alisema mbali sana."

"Hapana, Mama. Usiniambie vile unasema wewe. Niambie vile alisema yeye."

Nilisikia kuku. Halafu mwalimu wangu wa Kiswahili, aliyenichapa kwa rula kwa ajili ya herufi moja, akasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake maishani, "Alisema... mpari sana." P mahali pa b. Lafudhi yote ya kwetu ilikuwa imemrudia. "Wooi. Alisema anaenda Mparisana. Kwenye shimo lenu. Wooi, mtoto wangu, nimefanya nini?"

Hakufanya kitu, masikini. Alinyoosha tu neno.

Kumpata Wambui hakukunisumbua kama nilivyodhani. Baba yake alinipa namba. Ana saluni huko Nyandarua, ana watoto. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, mimi mwandishi mzima, yote yakanitoroka. Nikamwambia, "Wambui, Cucu yuko Mbarisana." Nikangoja matusi. Akaniuliza swali moja tu, polepole: "Alikuambia nini kuhusu baridi?" Nikamwambia habari ya sweta. Akasema, "Tunakuja."

Walikuja yeye na baba yake, mzee sasa, anatembea na mkongojo. Walikuwa hawajakanyaga Moiben tangu lile lori. Alipofika kwetu, Mama alishindwa kumtazama. Baba Wambui ndiye aliyemwendea akamshika mkono, akasema, "Mwalimu, twende unionyeshe." Chifu alikuwepo, na vijana na wazee wa pale wakaja na mitaimbo na majembe bila kuombwa mara mbili. Wengine wa wale wazee, sitasema zaidi, walikuwa na sababu zao za kuchimba bila kuinua macho.

Jiwe la ng'ombe lilikuwa limezikwa nusu. Nilipanda juu ya kifusi nikawaonyesha palepale kidole chake kilipogusa. Walichimba asubuhi nzima. Jua lilikuwa kali. Kisha kijana mmoja akaweka mtaimbo chini taratibu, akavua kofia.

Hakuwa ameguswa na mtu. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ndilo baba yake Wambui aliuliza kwanza. Alikuwa amekaa, mgongo kwenye jiwe, uso umeelekea mlangoni. Alifika, hakumkuta mtoto, akakaa kumngoja, na usiku wa Januari huku kwetu hauna huruma kwa mzee. Mvua ya Aprili ndiyo iliyokuja kumfunika. Juu ya magoti yake kulikuwa na sweta ya shule ya mtoto, nyekundu, imekunjwa vizuri.

Baba Wambui alisema, "Alikuwa karibu hivi." Alirudia hivyo hivyo. Mama alikaa chini kwenye vumbi akajifunika kanga usoni.

Wambui alishuka polepole, anashika mawe, hakukimbia. Alipiga magoti akaichukua ile sweta, mwanamke mzima, akaiweka mabegani, mikono midogo ya sweta ikaning'inia kifuani. Akasema, "Cucu, nimefika."

Naapa kwako, na watu wote waliokuwepo watakuambia vile vile: upepo ulitoka ndani ya lile shimo, wa joto, una harufu ya maganda ya viazi. Chifu mwenyewe aliusikia. Ukapita katikati yetu ukaenda zake juu ya mahindi, na wale vijana walisimama wameduwaa, majembe mikononi, wanautazama ukienda vile mahindi yalivyokuwa yanalala na kuinuka, mpaka ukaisha.

Tulimzika Cucu Nyandarua. Baba Wambui sasa analala usiku, Wambui ananiambia. Mama hajamsahihisha mtu tangu siku ile. Ukimwambia kitu anakuuliza, "Umesema nini? Sema tena vile vile." Anatuchosha, lakini tunarudia. Pasipoti yangu bado haina muhuri.

Na lile gemu. Sikulifungua kwa muda mrefu. Nilipolifungua, nikakuta mlima mtupu, hakuna lango, hakuna minara. Mlango uko chini ya jiwe la ng'ombe, mdogo, wa mbao, na uko wazi. Sikuuhamisha mimi. Nimeuacha hapo.

Kwa hivyo nakuonya, wewe unayekaa chumbani kwako unabuni nchi na kuzipa majina. Usiseme ni zako. Huenda unachora ramani ya mahali mtu amekaa anangoja, na siku moja atakuja kukuambia umekosea mlango. Umfungulie, umpe chai. Na ukimwuliza mzee anakoenda akakujibu, libebe neno lake vile lilivyotoka mdomoni, na makosa yake yote. Usilinyooshe hata kidogo. Mama yangu alinyoosha herufi moja tu, na nyanya wa watu akakaa gizani miaka yote ile, sweta magotini, anamngoja mtoto ambaye tungeweza kumpeleka kwa miguu.